Punda Hakukataa

Kijijini kwetu, mwendo wa asubuhi moja kwa baiskeli kutoka Bariadi mjini, kuna siku moja kila mwaka ambapo vijana hupanda punda na kuzunguka ngitili. Ngitili ni eneo la majani linalofungwa mvua zinapoanza, ng'ombe wasiingie, hadi kiangazi kikaushe malisho mengine yote. Kabla ya kulifungua, lazima mpaka wake uzungukwe. Punda thelathini, arobaini, mmoja nyuma ya mwingine, mizunguko miwili, wanakanyaga majani mpaka udongo unaonekana, na ukanda huo wa udongo ndio unaozuia moto wa porini. Ndio pia mpaka wenyewe. Hatuna ramani wala mawe ya serikali. Watu husema tu kwamba mpaka uko pale punda walipopita.

Anayeongoza hubeba bendera, kitambaa cheupe kilichofungwa kwenye ufito. Wajibu wake ni kupita pale palipopitwa mwaka uliotangulia. Wanaokuja nyuma hawaangalii alama. Wanaangalia bendera.

Mwaka niliochaguliwa kuongoza nilikuwa na miaka ishirini, na sikuchaguliwa kwa kuwajua punda. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba bila kupata nafasi ya sekondari, nikajifundisha mwenyewe kwa vitabu vya kuazima na magazeti yaliyofungiwa sukari, na kijijini nilijulikana kama mtu asiyekosea. Sifa hiyo ilinitesa. Barua nilizowaandikia watu niliziandika mara tatu, na herufi moja ikiharibika nilichana karatasi nzima. Walidhani kijana wa namna hiyo hawezi kukosea njia.

Aliyeongoza kabla yangu alikuwa jirani yetu, mwanamume wa makamo aliyebeba bendera miaka tisa mpaka nyonga yake ikagoma. Alinitembeza mpaka mzima kwa miguu, akichechemea, akinionyesha kichuguu hiki, mkwaju ule, kijito kile kikavu. Mimi niliandika kila kitu kwenye daftari na hatua nikazihesabu. Aliniangalia kwa muda, kisha akauliza, "Ngosha, punda wako anajua kusoma?" Ngosha ni mwanamume kwa Kisukuma, na alivyolitamka siku hiyo sikujisikia mwanamume sana.

Kati ya mkwaju na kijito tulikuta pamba. Lilikuwa shamba la mjomba wangu, kaka yake mama. Zamani pamba yetu ilinunuliwa na chama cha ushirika peke yake, na malipo yalichelewa mpaka watu wakachoka kuuliza. Kisha soko likafunguliwa, malori ya wanunuzi binafsi yakaanza kufika hadi kijijini na mizani yao na fedha taslimu, na kila mtu akawa analima alipoweza. Mjomba alilima hadi ndani ya ngitili. Mpaka ulipita katikati ya shamba lake jipya.

Jirani alipita katikati ya mipamba taratibu, akisogeza matawi kwa mkono. Tulipotokea upande wa pili akasema, "Umeona. Ni hapo hapo." Nikaandika: ni hapo hapo.

Sitaki mtu amfikirie mjomba vibaya kuliko anavyostahili. Ndiye aliyeninunulia kamusi yangu ya kwanza, wakati watoto wake wenyewe walikuwa hawana viatu. Na hakuniomba chochote. Angeniomba, labda ningepata nguvu ya kukataa.

Usiku wa kuamkia siku ya kuzunguka nililala macho wazi. Tulianza vizuri. Nilipita kichuguu, nikapita mkwaju, daftari likiwa kifuani ndani ya shati ingawa nililijua lote kwa moyo. Nyuma yangu vijana walikuwa wanaimba na kutukanana kama kawaida, fulani punda wake ni mjamzito, fulani yeye ndiye punda. Mbele yangu ikaonekana pamba, imepasuka, nyeupe shamba zima. Mke wa mjomba na watoto walikuwa wanachuma, magunia viunoni. Mjomba alinyanyuka, akaniona, akainua mkono kunisalimu. Alitabasamu. Kisha akainama akaendelea kuchuma.

Nikavuta kamba kushoto.

Nimejaribu mara nyingi kuikumbuka kwa namna nyingine. Nilichokiona wakati ule ni punda arobaini wakikanyaga pamba safi mbele ya watoto walioichuma kwa vidole, na mimi nikiwa mbele nimebeba bendera. Nilitaka siku ipite bila mtu kunichukia. Punda wangu alishangaa kidogo, akageuka, na wote wakafuata. Tulilizunguka shamba, tukarudia mzunguko wa pili palepale, na tulipomaliza ukanda mpya wa udongo ulikuwa umekaa pale, mpana na safi.

Kwenye mkutano wa kijiji, jirani yetu aliniuliza mbele za watu kwa nini nilipinda. Nilisema punda alikataa, aliogopa magunia. Watu walicheka. Mmoja akasema punda huyo alikuwa ameahidiwa mashudu na mjomba wake, na kicheko kikaongezeka, mjomba naye akacheka. Kwa wiki kadhaa punda wangu aliitwa Mpwa. Jirani peke yake hakucheka. Alinitazama miguuni, akakaa.

Kipande kilichobaki nje, ambacho sasa kilihesabiwa cha mjomba, hakikuwa kikubwa, lakini kilikuwa karibu na kijito, na majani ya pembeni mwa pamba ndiyo yaliyokuwa yanachelewa kukauka. Wenye ng'ombe wengi hawakuona tofauti, wao huhamisha mifugo kwenda Kimali na mbele zaidi. Mama yangu alikuwa na ng'ombe wawili tu. Ilipofika Oktoba mmoja akashindwa kusimama. Kila asubuhi mama nami tulipitisha mti chini ya tumbo lake, tukamwinua. Siku moja, tukiwa tumeshika mti huku na huku, mama akasema, "Mwaka huu ngitili imeisha mapema." Hakuniangalia. Sijui kama alikuwa anajua. Ng'ombe alikufa wiki moja kabla ya mvua.

Msimu uliofuata mjomba alilima mpaka kwenye ukanda mpya, na jirani zake wawili wakaanza kuuliza kama punda hawawezi kupinda kidogo na kwao. Mkutano ulipoitishwa, mwenyekiti wa kijiji alipendekeza niongoze tena. Alisema mwaka uliopita mambo yalikwenda bila ugomvi.

Nilisimama. Nilikuwa nimeandika maneno ya kusema, kurasa mbili, nimeyasahihisha mara nne. Niliitazama karatasi, nikaikunja.

"Punda hakukataa," nilisema. "Nilimvuta mimi."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akamgeukia mjomba. Mjomba akasema kwamba pamba tayari imesimama, nusu ya vitumba havijapasuka, sasa wanataka afanye nini. Jirani yetu akajibu bila kunyanyuka kwamba hakuna anayetaka pamba ya mtu, wanataka njia. Walibishana mpaka jua likageuka. Mwishowe mjomba alipewa siku tatu kuchuma kilichoiva kwenye mstari wa zamani. Kisichoiva kingekanyagwa. Bendera akapewa mwingine, na hilo nililistahili.

Kesho yake mama alinipa gunia akaniambia niende. Nilikwenda kama mtu anayekwenda kupigwa. Mke wa mjomba alinionyesha mstari bila maneno mengi. Mjomba alikuwa mstari wa pili. Tulichuma siku nzima, yeye huku na mimi huku, nikisikia pumzi yake na mikono yake. Salamu yangu aliiitikia, basi. Nilipofika kwenye vitumba vibichi, vigumu na vya kijani, ambavyo vingesagwa na kwato siku tatu zikiisha, nilivihesabu kwenye mche mmoja, nikaacha kuhesabu.

Jioni ya siku ya pili alisimama, akanyoosha mgongo, akatazama nyuma kwenye mstari wangu wote.

"Umeacha nyingi," akasema. "Ona kule chini. Na zile."

Kweli nilikuwa nimeacha. Macho yangu yalikuwa yamejaa machozi siku mbili zile na sikuona vizuri. Nilitaka kumwambia hivyo, nikaona haifai.

"Narudia, mjomba."

"Anzia mwanzo," akasema, akajifunga gunia lake upya kiunoni na kuanza kushuka nami, kila mtu na upande wake wa mstari.