Mashemeji Wote Katika Kadi Moja

Jumamosi, mwezi wa kumi na moja. Mvua ilinyesha kabla ya alfajiri ikakatika, na kufikia saa nne matope ya mtaa wetu wa Jabe yalikuwa yakifuka mvuke.

Binti yangu alikuwa aolewe siku hiyo baada ya alasiri. Asubuhi hiyo bwana harusi, anayefanya kazi kwenye meli ya mizigo, alipiga simu kutoka bandarini. Wamemaliza kupakia mapema, wanaondoka kwenda Kigoma alasiri, na kapiteni hasubiri mtu. "Mama, kama si adhuhuri, basi hadi nirudi, na siku ya kurudi siijui." Shehe alikubali kusogeza. Aliuliza kitu kimoja tu: "Walii atakuwepo?"

Walii, mwenye haki ya kumwozesha, alikuwa kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, anayekaa Carama, mtaa wa mbali. Yeye alijua ni alasiri. Nikafungua reperetwari ya simu, yaani orodha ya namba, nikaandika Shemeji. Ikaja kadi moja, na chini yake namba nyingi zimepangana kama ushanga.

Nilifundishwa nyumbani kwamba jina la shemeji mkubwa halitamkwi, nikaona na kuliandika ni vilevile. Basi kwenye simu yangu kila ndugu na rafiki wa mume wangu alikuwa Shemeji, na niliwatambua kwa nafasi zao. Wa juu kabisa ndiye mkubwa. Sasa namba zilikuwa zimechanganyika, hakukuwa na juu wala chini.

Jana yake fundi wa simu, jirani na kibanda changu cha kushona, aliniwekea programu ya kutunza namba. Ya bure, nyepesi, haina matangazo wala haitaki intaneti. Alisema walioitengeneza wameiacha wazi, anayetaka achungulie ndani. Aliiweka kwenye simu na kwenye kompyuta kuukuu ya kibandani, ili zifanane. Sasa nikamkimbilia na utepe wa kupimia shingoni.

"Umenipotezea shemeji!"

"Apana, mama. Iliuliza, majina yanajirudia, yaunganishwe? Mi nikakuuliza. Ukasema unganisha, unganisha, nina kazi."

Ni kweli nilisema. Nilidhani ni namba ileile imejirudia. Hata programu siwezi kuilaumu, iliuliza kwanza.

"Irudishe basi."

"Orodha ya zamani sikuibakiza. Lakini namba zote zimo, hakuna iliyopotea. Piga tu."

Bibi harusi alikuwa na namba ya zamani ya baba yake mkubwa, iliyokwisha kufa. Na kumtuma mtu Carama haikuwezekana: esansi hakuna, teksi zote zimelala kwenye foleni za vituo vya mafuta.

Nikapiga. Wa kwanza alikuwa fundi gari. "Shemeji! Leo jua limetokea wapi?" Nilipotaja nikaha akasema anakuja, na sikuthubutu kumkataza. Mwingine akasema anakuja na mke wake. Mwingine hakupokea. Kwa haraka nikarudia namba ya fundi gari, akacheka: "Nimesema nakuja!"

Namba iliyofuata ilipokelewa bila salamu. "Nani kafa?"

Sauti niliijua. Mdogo wa mume wangu. Hatukusemeshana tangu arobaini, alipokuja kuchukua cherehani akisema marehemu alimwahidi. Labda alimwahidi, sikuwepo wakiongea.

"Hakuna aliyekufa. Mutoto wako anaolewa leo."

"Wangu? Mbona mi sikualikwa?"

"Hatukukualika."

"Bon. Angalau husemi uongo."

Nikamwomba namba ya kaka yake. "Hata ukiipata, kutoka Carama atafika saa ngapi, na goti lile? Mi niko Buyenzi, ni hapo tu."

"Lakini mukubwa yupo hai. Ndiye walii."

"Akinifanya wakili wake, nasimama. Lakini we uniombe. Usiniagize kama mutu wa kubeba mizigo."

Fundi wa simu aliangalia pembeni. Nikamwomba. Sijui kama niliomba kwa moyo au kwa sababu ya saa. Nafikiri saa ilikuwa na sehemu kubwa.

Alifika kwa miguu, pindo la kanzu limejaa matope, watu wanatoka kuswali adhuhuri. Shehe akamwambia ampigie kaka yake, sauti isikike kwa wote. Mzee kwanza alifoka: mbona anaambiwa na huyu, si na mimi? Alikuwa na haki. Kisha akatamka, mashahidi wakisikia, kwamba amemfanya mdogo wake wakili wa kumwozesha binti yao.

Nikaha ikafungwa. Bwana harusi alikwenda bandarini na kanzu yake mwilini.

Sahani ya shemeji mdogo niliipeleka mwenyewe. Alionja. "Pilau yako bado haina chumvi," akasema, akaendelea kula. Zaidi ya hapo hatukuongea.

Mashemeji walikuja na wake zao, wakala pilau hadi ukoko. Jioni sisi wa nyumbani tulikula ugali na ndagala, dagaa wa ziwani, na mboga ya lengalenga niliyoichemsha harakaharaka.