Mwanamke wa Ukutani Apewa Mikono

Jumapili, 17 Novemba 1957. Mvua tangu alfajiri, imekatika saa nane. Ukungu bado umelala bondeni, upande wa Nyakakika.

Enzi zetu ukuta ulikuwa kitu kigeni. Tulizaliwa ndani ya msonge, nyasi kuanzia juu hadi chini, nyasi sakafuni zikinukia kila zilipotandikwa upya. Shule niliionja tu, kwa hiyo sijui kama nitaliandika jambo hili inavyostahili. Wa rika langu watanisahihisha. Baba alipojenga nyumba ya pembe nne kwa mtindo wa misheni, watoto wa jirani walikuja kuusukuma ukuta kwa viganja, waone kama kweli hauanguki.

Mwaka huohuo mwalimu wetu, mtu wa Muleba, alituonyesha darasani picha ya sanamu ya Wagiriki wa kale. Mwanamke wa jiwe jeupe, nguo imemwangukia mikunjo mikunjo kama maji yanayoteremka mwambani, mikono imevunjika, macho matupu. Jiwe, na bado unaliona goti ndani ya nguo! Sisi tuliokuwa hatutulii hata kwa fimbo, tulipanga foleni kuitazama. Dada yangu Kemilembe alirudi nyumbani, akamwomba baba ule ukuta unaotazamana na mlango, amchore yule mwanamke.

"Chora," baba akasema. "Lakini Jumamosi wanakuja wakwe zako kuposa. Mmoja akicheka tu, naukandika tope siku hiyohiyo, na ukuta wangu hutaugusa tena."

Nisimwonee baba. Alikwisha kuchekwa vya kutosha kwa zile pembe nne.

Bibi yetu alitoka ng'ambo ya mto Kagera, ambako wanawake hupamba kuta kwa samadi ya ndama iliyokandwa na majivu. Ndiye aliyemwonyesha Kemilembe namna ya kuinua shavu na pua zitoke ukutani. Vivuli tulipaka mkaa, ngozi udongo mweupe. Nguo ilikuwa rubugo halisi, lile gome la mti walilovaa wazee, likakunjwa na kubandikwa kwa ulimbo wa kunasia ndege. Tulinuka zizi wiki nzima. Vijana wa leo, wanaojipaka sabuni ya harufu kabla ya kupanda baiskeli, wangezimia.

Siku moja kabla ya wageni, bibi alisimama mbele ya ukuta, akaguna.

"Huyu hana mikono. Mwanamke anakaa mkabala na mlango, mgeni akiingia atampa kahawa kwa kitu gani? Kwa kidevu?"

Mwalimu, aliyekuja kutazama, akatetea. "Shikamoo, mama. Sanamu yenyewe ndivyo ilivyo. Ukimwongezea mikono unamharibu."

"Marahaba. Kwenu Muleba mgeni hapewi kahawa ya kutafuna?"

"Anapewa, mama."

"Kwa mikono au kwa picha?"

Mwalimu akacheka. Kwa haki, alikuwa na hoja. Hata leo sijui nani alikuwa sahihi. Kemilembe aliwatazama wote wawili, kisha akachota samadi. Akainua mikono miwili iliyonyooshwa mbele, na juu yake kikapu kidogo. Ndani ya kikapu akabandika, kwa ulimbo uleule, kahawa zenyewe, zilizochemshwa na kukaushwa. Mwisho akatia mbegu mbili nyeusi za mgomba-mwitu machoni. Hapo mimi nilirudi nyuma. Yule mwanamke alikuwa anatuangalia.

Jumamosi baba alikuwa ameukanda udongo tayari nyuma ya nyumba. Wageni walifika kutoka Mabira na mitungi ya pombe ya ndizi. Mzee wa posa akainama mlangoni, akainua macho, akasimama palepale, wenzake wakimgonga mgongoni. Hakucheka. Alivua kofia. Kisha akavuka chumba taratibu, akanyoosha mikono miwili kama anayepokea, akabandua kahawa moja kikapuni, akaitafuna.

"Nimekaribishwa," akasema, akakaa.

Ule udongo wa baba kuku waliukanyaga mpaka ukakauka. Tangu siku ile kila mgeni alichuma kahawa yake ukutani, na kila mavuno Kemilembe alijaza kikapu, mpaka alipoolewa huko Mabira.

Siku hizi vijana hukata picha za magazeti na kuzibandika kwa uji wa muhogo. Siwalaumu, nao wanapenda uso mzuri chumbani. Ila sijaona hata mmoja katika nyuso hizo anayenyoosha mkono. Wetu bado yupo. Rubugo limechakaa, jicho moja limedondoka, na kikapu kilikuwa kitupu miaka mingi. Leo Kemilembe amekuja kututembelea, nywele nyeupe kama yule wa jiwe. Kabla hajakaa aliomba ulimbo.

Usiku tumekula ndizi na maharage, na panzi wa senene wa kukaanga. Halafu kila mmoja akainuka, akaenda ukutani kuchukua kahawa yake.