Marehemu wa Ambrosi Kalinga

Ambrosi Kalinga aliwahi kuua watu ishirini na wawili kwa kalamu ya wino, na hakuwa na ugomvi na hata mmoja wao. Alikuwa karani wa mafaili katika hospitali moja ya Mbeya, Mhehe wa Kihesa kule Iringa, mwembamba, mwenye mwandiko mzuri na majivuno ya kuutosha mkoa mzima. Nguo zake za kaki alizipiga pasi mwenyewe. Mkewe Rozalia hakuruhusiwa kuzigusa, naye alimshukuru Mungu kwa hilo.

Aliyempa kazi hiyo ya kuua ni Daktari Isakwisa, mpasuaji. Daktari huyu naye alikuwa na ugonjwa wake: alipenda maini. Siku zile mtu akipigwa pembe na ng'ombe, ini likapasuka, wapasuaji wengi walifunga tumbo wakamwita padri. Isakwisa alishona. Ini halishoneki kirahisi. Ukivuta uzi unapita katikati kama kwenye ugali wa moto. Kwa hiyo alichukua ule utando wa mafuta unaofunika matumbo, akauweka kama kiraka, akashona juu yake. Tena aliondoa uvimbe wa ajabu ajabu, wa kifuani na wa tumboni, aina ambazo vitabu vyake vilizipa nusu ukurasa tu. Baada ya miaka mitano alikuwa amepasua watu thelathini na mmoja wa namna hiyo, akataka kuandika utafiti. Alikuwa na swali moja: wako hai?

"Nenda kawatafute," alimwambia Ambrosi mwaka 1975. "Mmoja mmoja. Usiniletee mambo ya kubahatisha."

Ambrosi akapewa Landrova na daftari jeusi. Wengi wa wagonjwa walikuwa wafugaji wa Kisukuma waliohamia Usangu na mifugo yao. Alifika, akashuka kwa madaha, akafungua daftari na kuuliza kwa sauti ya ofisini, "Bujiku yuko wapi?"

Watu wakatazamana. Bibi mmoja akajibu, "Huyo alishakufa."

Ambrosi akavua kofia, akatoa pole, akaandika. Kijiji cha pili, Seni: amekufa. Mbuke, yule mama aliyetolewa kifuani uvimbe mkubwa kama papai: amekufa, tena zamani. Alirudi Mbeya sauti imemkauka kwa kutoa pole.

Daktari alianza kulisoma daftari akiwa amesimama, akamaliza akiwa amekaa. "Ishirini na wawili," akasema. "Kumbe mimi ni mchinjaji mwenye cheti."

Tangu siku hiyo hakugusa tena ini la mtu.

Miezi mitatu baadaye Rozalia alianza kuvimba chini ya mbavu za kulia. Mwanzoni alisema ni mimba ya uzeeni, akamtaka mumewe atafute jina. Mimba ikaanza kuuma, ikamkondesha. Daktari alimpapasa, akampiga picha, kisha akamwita Ambrosi pembeni.

"Uvimbe uko kwenye ini, upande mmoja tu. Mwaka jana ningeukata."

"Na sasa, Daktari?"

"Sasa nimesoma daftari lako. Nikimkata atanifia mezani. Nisipomkata huenda akaumaliza mwaka. Mpeleke nyumbani, bwana Kalinga."

Ambrosi akaenda kukata tiketi za basi. Mwandiko wa daftari lile ulikuwa wake mwenyewe.

Basi la Iringa lilisimama Chimala, siku ya gulio. Rozalia alitamani ndizi, Ambrosi akashuka, amevaa shati lililofifia kwa sababu hakuwa na moyo wa kupiga pasi. Kando ya muuza ndizi alisimama mtu wa miraba minne, mwenye pengo, ambaye faili lake Ambrosi alilifungua mwenyewe hospitalini, akibishania bei ya mchele. Ambrosi aliisahau ndizi. Marehemu alikuwa akibishana, na alikuwa akishinda.

"Bujiku!"

"Naam," marehemu akaitika.

"Wewe umekufa! Nimekuandika mimi mwenyewe!"

Bujiku akamkazia macho. "Ah, karani! Sikukujua bila kaki. Mzee, usikasirike. Mwenye daftari wa kwanza alikuja kuhesabu ng'ombe, ng'ombe yetu ikapungua. Wa pili akahesabu watu, tukahamishwa, nyumba zikabaki kule. Halafu unakuja wewe na gari ya serikali, unaita majina, nami nimejificha zizini. Ungekuwa wewe, ungeitika?"

Ambrosi akakaa chini pale pale kwenye tope, akalia mbele ya wauza ndizi. "Mke wangu yumo kwenye basi lile. Daktari hataki kumkata kwa sababu ninyi mmekufa."

Bujiku hakuuliza zaidi. Alipandisha shati, kovu likaonekana kutoka chembe cha moyo hadi chini ya kitovu. "Hii nayo imekufa?" Kisha akapiga kelele kwa Kisukuma kuelekea kilabuni. Seni akatoka na kata yake ya pombe mkononi, shati tayari liko juu, kama alivyozoea kumfanyia yeyote aliyemnunulia kinywaji. Watu hawa walikana majina yao bila kupepesa macho, lakini kovu hawakulikana; kovu lilikuwa fahari yao. Dereva alipopiga honi, marehemu walikuwa wamefika watano, pamoja na Mbuke, aliyesema hafungui blauzi gulioni kwa ajili ya Mhehe yeyote, ataifungua mbele ya daktari.

Rozalia akamwita mumewe dirishani. "Ndizi iko wapi?"

"Shuka, mama! Tunarudi!"

Walirudi kwa lori la mchele. Daktari Isakwisa aliwakuta uani mwa hospitali, wanaume wamejipanga, mashati juu. Alipita akigusa makovu kwa kidole. Kwa Seni akasimama. "Mshono huu niliushona umeme umekatika." "Sasa mlikufa kwa nini, wajinga ninyi?"

Alimpasua Rozalia Alhamisi ile, kwa saa tano. Alipotoka alikuwa anatabasamu, na Ambrosi akamkumbatia vile vile na aproni yake yenye damu.

Kisha Ambrosi akaanza upya, bila kaki na bila Landrova, akiulizia makovu vilabuni. Kati ya marehemu wake ishirini na wawili, kumi na sita walifufuka. Sita walikuwa wamekufa kweli, na hao aliwaandika taratibu.

Mwaka 1978 alikuwa amestaafu, yuko Kihesa, anagongelea banda la kuku. Gari likasimama barabarani. Karani mpya wa hospitali, Anyitike, alishuka na kaki iliyonyooka na daftari jeusi.

"Rozalia Kalinga yuko wapi?"

Rozalia alikuwa anapalilia maharage. Alimtazama viatu, akalitazama gari, akalitazama daftari.

"Huyo? Alikufa."

Anyitike akavua kofia. "Poleni sana, mama."

"Tumeshapoa."

"Usiandike!" Ambrosi alikuja mbio, nyundo mkononi, akikanyaga maharage. "Usiandike hilo neno!"

Rozalia alicheka mpaka akaushika mshono wake. Ambrosi hakucheka. Alimpokonya karani kalamu, na kwa mwandiko ule ule mzuri akaandika mwenyewe: *Yu hai.*