Siku Mama Alipokataa Maji ya Tope

Mwanangu, asubuhi ile naikumbuka vizuri kuliko chakula nilichokula jana. Mwingereza alikuwa bado anatawala, nami ni msichana nimeshachezwa unyago. Sisi wa Newala maji tuliyafuata bondeni, tukapanda nayo mlima, mtungi kichwani.

Kisimani kulikuwa na zamu zake. Wa koo za kiungwana walichota kwanza. Sisi tulioitwa kizazi cha watumwa, kwa kuwa bibi yangu aliletwa huku amenunuliwa, tulikaa pembeni mpaka wamalize. Kiangazi kikikaza tuliambulia tope. Jumbe aliyewekwa na serikali alimsimamisha pale tarishi wake na fimbo, kulinda utaratibu huo.

Siku hiyo mama yangu, Mama Rashidi, aliwapita wote, akainama, akachota.

"Toka hapo, mtumwa wewe!" Tarishi aliupiga mtungi fimbo, ukapasuka.

Nikamvuta kanga. "Mama, twende tukangoje."

Alinigeukia taratibu. "Bibi yako alingoja, na mimi nimengoja. Wewe na wanao mtangoja mpaka lini?"

Akachukua mtungi wangu, akachota tena. Tarishi akamkamata, akampandisha hadi bomani. Nilifuata nyuma nikilia.

Bwana DC, Mzungu mkuu wa wilaya, alimsikiliza mama kupitia mkalimani, akasema hiyo ni mila yetu, serikali haiingilii.

"Jumbe kawekwa na nani?" mama akauliza. "Kama serikali haimo, basi na tarishi wake aondoke kisimani."

Mkalimani akasita. Mama akabaki anamtazama tu, mpaka akatafsiri. Mwanangu, nimeishi miaka mingi, na wakubwa nimewaona wengi. Ujasiri kama ule sijauona tena.

Bwana DC akaamuru tarishi aondolewe kisimani. Lakini usidhani mambo yaliishia hapo. Tulipofika kisimani wa koo za kiungwana walitugeuzia mgongo, na wengine waliapa hawatachota baada yetu. Mama hakugombana nao. Alichota zamu yake ilipofika, na kila siku akawaamkia wakubwa zake, waitikie wasiitikie.

Muda ukapita. Siku moja akamwamkia Bibi Somoe, mzee wa ukoo mkubwa kuliko zote pale: "Shikamoo, bibi."

Bibi Somoe akajinyoosha mgongo. "Marahaba, Mama Rashidi. Hebu nitwike mtungi, mgongo unaniuma."

Mama akamtwika. Wakapanda mlima pamoja, na sisi nyuma yao.

Basi nakuusia hivi. Kilicho cha watu wote, iwe maji, njia au benchi la ofisini, usikubali kuambiwa si chako kwa sababu ya ulikozaliwa. Ukishakipata, usimfukuze mwingine. Dai haki yako, na salamu usiwanyime hata wanaokunyima.

Mungu akupe ulimi usiotetemeka mbele ya wakubwa, na moyo usiomdharau mtu. Wanao wakutaje kwa fahari, kama ninavyomtaja mama yangu. Amina.