Turbo Mbili, Ufunguo Mmoja

Injini ya gari letu haikuhitaji turbo hata moja. Ilikuwa ya Kijerumani, yenye silinda sita zilizopangwa kwa mstari, na inasemekana iliwahi kumbeba mkubwa fulani wa mgodi kabla ya kuishia uani kwa mjane mmoja hapa Likasi, aliyekuwa akifugia kuku ndani ya gari hilo. Tulilinunua mimi na rafiki yangu. Kuku walitolewa, harufu ikabaki.

Rafiki yangu alikuwa na duka la vipuri karibu na soko. Ukoo wake ni wa Waislamu wafanyabiashara waliotoka Maniema zamani. Mimi ni mtoto wa Wakatoliki wa kiwandani, niliyesoma falsafa Lubumbashi na sasa ninaifundisha, somo ambalo halijawahi kulegeza bolti hata moja. Nilimfahamu nilipokwenda kwake kutafuta pampu ya maji. Pampu hakuwa nayo, lakini alikuwa na kiti cha pili nyuma ya kaunta, nami nikakikalia kila jioni kwa miaka mingi.

Wazo la turbo lilikuwa la wote wawili, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa. Turbo ni kifaa kinachozungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nacho kikizunguka kinasukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda. Hewa zaidi, mafuta zaidi, nguvu zaidi. Tulikubaliana kutafuta moja. Hatukukubaliana nani aitafute. Wiki hiyohiyo yeye akaleta moja kutoka Lubumbashi, nami nikaleta moja niliyoifungua kwenye kilori kilichokufa huko Kakontwe, ambako hata vyuma vina unga mweupe wa machimbo. Tuliziweka juu ya kaunta. Zilifanana kama mapacha.

"Moja itakuwa ya akiba," nilisema.

"Gani?"

"Yako."

"Yangu? Yangu, prof? Ile yako iko na chokaa mpaka mu tumbo, unaweza kupaka nayo nyumba ya bibi yako!"

"Chokaa inasafishwa. Yako inayumba kama mulevi."

"Njo kusema hivi: minye siweki yangu mu kabati." Akazitazama zote mbili kwa muda, akacheka. "Tutaweka zote. Silinda tatu zako, silinda tatu zangu. Tutaona nani atavuta mwenzake."

Hivyo ndivyo injini yetu ilivyopata turbo mbili. Watu wanaojua mambo haya watakuambia kuna sababu nzuri za kugawa silinda sita namna hiyo. Sisi tulizisoma baadaye, tukafurahi kama wanafunzi waliopata jibu sahihi kwa kukopi kutoka kwa jirani.

Kazi iliyotupendeza zaidi ilikuwa ile ya joint de culasse, yaani bamba jembamba linalokaa kati ya kichwa cha injini na tumbo lake. Kwa turbo mbili tulihitaji bamba nene kuliko la kawaida, ili nafasi iongezeke na injini isijipasue. Tuliamua kulitengeneza kwa shaba. Mji wetu umekaa juu ya shaba, kila mtu hapa ana mjomba aliyezeeka akiichimba au akiiyeyusha, lakini bamba tulilolipata madukani lilikuwa limetoka Zambia. Tulilikata kwa mkono, tundu baada ya tundu, kisha tukalichoma juu ya makaa hadi likawa jekundu, maana shaba ikichomwa hivyo inalainika na kushika vizuri. Rafiki yangu alipeperusha moto kwa gazeti. Mimi nilishika koleo na kutoa hotuba kuhusu zama za shaba, hadi akaniambia nipunguze zama na niangalie vidole.

Siku tulipofunga kichwa hicho, alifuta mikono kwenye suruali yake, akanionyesha ufunguo wa gari.

"Prof, hakuna mutu atawasha hii kitu bila mwenzake. Hata minye nikiwa Makka."

"Hata minye nikiwa Roma," nilijibu.

Alikwenda Kolwezi.

Watu wa Likasi wakichoka kungoja, siku hizi wanahamia Kolwezi. Shemeji yake alikuwa amefungua duka kubwa kule na alihitaji mtu anayejua vipuri. Alisema ni kwa miezi michache. Kisha mke na watoto wakafuata, na duka lake la hapa likachukuliwa na kanisa la uamsho. Kwa muda miguu yangu iliendelea kukata kona ile jioni. Niliwahi kusimama mlangoni wakati wa maombi, na mama mmoja akanikaribisha kwa furaha kubwa hata nikaona aibu kumwambia nilikuja kutafuta kiti.

Gari na injini yake vilibaki uani kwangu, nami nikaimalizia peke yangu. Nilichomea mabomba ya moshi siku ambazo umeme wa bwawa la Mwadingusha ulikuwa na nguvu. Nilivuta vibomba vya oili kwenda kwenye kila turbo, yangu na yake; turbo ikivuja oili, moshi hutoka wa bluu. Nakiri kwamba yake haiyumbi.

Zipo kazi za gari ambazo Mungu alizikusudia watu wawili. Kutoa hewa kwenye breki, kwa mfano: mmoja anakaa ndani na kukanyaga pedali, mwingine yuko chini anafungua na kufunga. Mke wangu anafanya kazi Lubumbashi na anarudi mwisho wa wiki akiwa amechoka, na sikuona njia ya kumweleza kwamba nilimsubiri kwa hamu ili akanyage pedali. Nilitumia ubao, nikaukandamiza kati ya kiti na pedali, kisha nikawa natambaa nje, narudi ndani, natambaa tena. Kutoka kwenye ubao sikupata hata mzaha mmoja.

Baadaye ikawa hakuna kilichobaki ila ufunguo. Rafiki yangu alipopiga simu na kuuliza mota imefika wapi, nilimwambia bado kidogo. Nilikaza bolti zilizokwisha kukazwa. Nilisugua vitu ambavyo havionekani. Naye mwanzoni alisema, "Ningoje, prof, ningoje, mwezi ujao niko nakuja." Kisha simu zikawa fupi. Nilisikia nyuma yake sauti za wanaume wengine, wakicheka mambo nisiyoyajua. Akanieleza kwamba amenunua gari, jipya karibu kabisa, halina hata ufunguo. "Unaminya tu, prof. Unaminya, inawaka. Haina hata sauti!"

"Hongera," nilisema.

"Na ile yetu?"

"Imekwisha." Neno lilitoka kabla sijalizuia. "Nakungoja weye tu."

"Ah, prof. Washa tu."

Nilitegemea angenikataza. Nilikuwa nimeandaa majibu ya kumtuliza.

"Basi nitakupigia," nilisema. "Usikie."

"Njo vile! Jumamosi. Nitasikia."

Jumamosi hiyo ya kiangazi mke wangu alibaki Lubumbashi kwa zamu. Nilivaa shati safi, jambo la kipuuzi kwa kazi ile. Niliketi kwenye kiti cha dereva, nikampigia, nikaweka simu juu ya dashibodi.

"Uko tayari?" niliuliza.

"Niko tayari, sema!" Nyuma yake watu walikuwa wakipakua mzigo.

Mkono wangu ulikuwa bado njiani kuelekea kwenye ufunguo wakati umeme uliporudi mtaani, na kinu cha kusagia mahindi kilicho nyuma ya ukuta wa ua kikaanza kunguruma kwa nguvu zake zote.

"Niko nasikia!" alipiga kelele. "Eh! Prof! Niko nasikia, iko nalia muzuri! Turbo yangu niko naisikia kabisa!"

Nilitazama ufunguo. Haukuwa umesogea.

"Njo yenyewe," nilisema.

"Félicitations, hongera ndugu yangu! Tutaongea, niko na batu hapa dukani." Akakata.

Nilikaa. Kinu kilisaga. Halafu, kwa kuwa sasa hapakuwa na mtu wa kumngoja, niligeuza ufunguo.

Ilikohoa, ikakataa, ikakohoa tena, ikashika. Kiti kizima kilitetemeka. Niliongeza mafuta, na baada ya kusitasita nikasikia mluzi mwembamba ukipanda, kisha wa pili ndani yake. Niligeuka upande wa kiti kitupu cha abiria ili niseme kitu.

Ukiwa kwenye kiti cha dereva huoni bomba la moshi. Kichwa cha jirani yangu kilitokea juu ya ukuta, na vibanio vya nguo mdomoni. Alivitoa.

"Njo hii tu, papa? Miaka yote, njo hii?"

"Njo hii."

"Iko natoa moshi!"

"Rangi gani?" nilipaza sauti. "Mama, angalia vizuri, ni rangi gani?"

Alishika ukuta, akajiinua, akatazama kwa makini kama mtu aliyeulizwa jambo la maana.

"Bluu," alisema. "Bluu kidogo. Ukikanyaga, inazidi."

Nilikanyaga. "Na sasa?"

"Imezidi! Sasa zima, papa. Nguo zangu."

Nikazima.