Mzee wa Katuni

Kampala nzima inampenda mzee wa katuni, yule mkimbizi mwenye tumbo, koti la suti na chupa ya waragi mfukoni, ambaye kila kipindi anawaaga majirani kwamba anahamia Amerika, na kila kipindi anabaki. Ni katuni ya watu wazima: mzee anatukana, analewa, anachungulia wake za watu. Sauti yake ya Kiswahili ni yangu. Koti ni la baba yangu.

Sikumuuza baba, kama wanavyonong'ona kanisani. Nilikuwa nakula chapati na mchoraji katika chumba chetu cha kurekodia, Kamwokya, nikamsimulia kisa cha nyumbani. Sisi wakimbizi wa Kongo, jina la kusafiri likitoka, hatungoji ndege. Baba alipigiwa simu kwamba faili letu la kuhamia Amerika limepita, na Jumapili hiyo hiyo akasimama mbele ya kanisa kutoa shukrani. Kesho yake akagawa vyombo: masufuria, beseni, godoro, hata mwiko. Kwake yeye, kubaki na sufuria kulikuwa kumwambia Mungu kwamba humwamini. Halafu safari ikaahirishwa, na mpaka leo hakuna aliyetueleza kwa nini. Baba akavaa koti lake, akapita nyumba kwa nyumba kuomba sufuria zake mwenyewe. Wengine walirudisha. Mama mmoja alimjibu kwamba kilichotolewa kwa shukrani ni cha Mungu, na akafunga mlango.

Kipindi cha kwanza kilipotoka, mzee wa katuni alikuwa amelewa chakari, anang'ang'ania sufuria ya jirani jikoni, maharage yakiwa bado yanachemka ndani. Watu walicheka mpaka machozi. Nilimvaa mchoraji siku hiyo hiyo.

"Sebo, kwani mimi niliandika jina yake?" akasema. "Watu wanapenda huyu muzee. Wewe soma tu."

Nikasoma. Mwenye nyumba hapokei hasira badala ya kodi. Na kwa kuwa nilisoma nimekasirika, sauti ikatoka kali, ya mtu aliyechoka kungoja, na hiyo ndiyo waliyoipenda zaidi.

Baba hajawahi kuonja pombe. Ni shemasi. Mama alifia hospitali ya Mulago tukiwa bado tunangoja kuitwa, na hata baada ya msiba baba alikataa tununue kitanda, eti tutamwachia nani. Watu wa namna hii ndio wanaochekwa mjini hapa, na wanaocheka wamelala vitandani mwao.

Nilijua siku moja ataiona katuni tu. Aliiona kwa kinyozi, kule Mengo, sabuni ikiwa bado shavuni, wanaume wakigonga viti kwa kicheko. Alirudi nyumbani akaketi. Mimi nilikuwa nimeshajiandaa. Nilitaka agombe, anitukane, anipe nafasi ya kumtupia mchoraji lawama zote.

"Ule muzee wa katuni," akasema, "sauti ni yako."

"Ndiyo, baba."

"Iko anatukana mingi."

"Ndiyo, baba."

Akavuta kiti karibu, akashusha sauti kama vile anazungumza na karani asiyetaka kumuudhi.

"Weye uko nao kule kazi. Ku mwisho, watamuacha aende?"

Mchoraji alishatuambia wote: mzee akipanda ndege tu, kichekesho kimekwisha na kazi yetu imekwisha. Nilimtazama baba.

"Ataenda, baba."

"Na bibi yake?"

Kwenye katuni mke yuko hai.

"Wataenda wote wawili."

"Ni muzuri," akasema baba, na akatabasamu, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu tumzike mama. Sijawahi kumchukia mchoraji kama siku ile. Kesho yake asubuhi nikaenda kumsomea mzee wake tena.