Katuni Zangu Kwenye Mizani

Nilikuwa bado kwenye majaribio ya kazi nilipobeba magazeti yangu ya zamani ya katuni hadi dukani kwa Mzee Jivan, mnunuzi wa vitu vya zamani, Morogoro mjini, kuuliza thamani yake. Wiki nzima sikuwa na raha: nikitaja bei ndogo ataniona mjinga, nikitaja kubwa ataniita mlanguzi.

Akayaweka kwenye mizani. "Kilo tatu. Karatasi nzuri ya kufungia bagia, kijana."

Kwa aibu nikamwachia.

Kesho yake, saa ya chai, mkuu wangu wa ofisi akakunjua karatasi ya bagia zake. Humo alichorwa kupe mnene aliyevaa tai, na pembeni maneno niliyoandika wiki yangu ya kwanza kazini: "Mkuu wetu huyu."

"Kijana," akasema huku akitafuna, "hebu lete ripoti uliyoandika jana, nilinganishe mwandiko."